Kadi Zilizokunjwa Pembe

Jumatatu, 1 Julai 1991. Arua

Jenereta saa tatu hadi saa saba. Kadi mia na kumi zimeingia kwenye mashine. Printa imetafuna karatasi mara mbili. Vumbi tu. Nimeipangusa kwa shimizi yangu kuukuu, sasa shimizi sina.

Wiki ya tatu hii. Wenzangu wa idara ya kompyuta Nairobi likizo yao wameipeleka Malindi. Mimi yangu nimeitoa sadaka. Ndivyo tulivyokubaliana sisi wanne: kila mmoja alipatie shirika moja maskini likizo yake moja, na ujuzi wake juu. Mmoja wetu yuko Kisumu anapanga orodha ya dawa za hospitali. Mimi niliomba Arua kwa sababu baba alikuwa mtu wa Koboko, askari, nami nimezaliwa kambi ya jeshi. Nilikuwa na miaka kumi na nne tulipokimbilia Nairobi. Kikakwa, lugha ya baba, nimebakiza matusi.

Kazi yenyewe haina maajabu. Shirika lina kadi za njano, za watu wanaotafutwa na ndugu zao tangu vita vya sabini na tisa na mbio zilizofuata. Lina kadi nyeupe, za watu waliorudi kutoka makambi ya Sudan na Zaire, wanaopewa posho na mbegu. Programu yangu inalinganisha njano na nyeupe. Jina, jina la baba, kijiji, ukoo, mwaka wa kuzaliwa. Vikikubaliana vyote vitano, mtu kapatikana. Wao wamekuwa wakifanya kwa macho miaka mitano. Kwa macho!

Jumanne, 2 Julai

Mzee Anguzu amefiwa na kaka yake. Ameondoka mchana kwenda kwao Dadamu, kuzika.

Yeye ndiye mtunza kadi. Zamani alikuwa karani wa mahakama, na bado anavaa tai. Kadi zake anazilaza kwenye mikebe ya biskuti, na akizishika unaweza kudhani anashika mayai. Mimi ananiita "binti ya mashini". Hanipendi, nami simbembelezi.

Akiwa mlangoni ameniambia, "Kadi nyeupe ngoja mimi. Hapana kimbia." Nikamwitikia ndiyo, mzee. Matanga ya huku ni wiki nzima. Likizo yangu imebaki siku kumi na nne. Nani angoje?

Jumatano, 3 Julai

Sara na Joyce, wapiga chapa wangu, wamelalamika. Kadi nyeupe nyingi zimekunjwa pembe ya juu, upande wa kulia. Ukizipanga hazikai, zinateleza, unajikuta umeruka moja. Nimewaambia wazinyooshe zote kwanza, ndipo wapige. Tumezilaza chini ya Biblia kubwa ya Sista Perpetua, mkuu wa shirika, na juu ya Biblia tukaweka stabilaiza ya umeme. Saa mbili baadaye zimenyooka kama zimetoka dukani.

Kazi imekimbia. Nimejisifu kimoyomoyo. Acha niandike ukweli: nimejisifu kwa sauti.

Ijumaa, 5 Julai

Tumemaliza kadi ya mwisho saa tatu na nusu. Nikaiendesha programu. Mashine imenung'unika dakika arobaini, sote tumeizunguka. Kisha majina tisa.

Nane kati ya hayo tisa ni watu waliokwisha kukutana na ndugu zao wenyewe, zamani, sokoni au msikitini. Hakuna aliyekumbuka kutuambia. Nimevunjika moyo.

La tisa ni Rajabu Lomoro wa Midia. Kadi ya njano imeandikishwa na mama yake miaka minne iliyopita. Kadi nyeupe ni ya mtu anayekaa safari ya nusu siku kutoka hapa, mwenye mke na watoto watano, anayechukua posho kila mwezi dirishani petu. Vitano kwa vitano. Mama na mwana wamekuwa ndani ya chumba kimoja, kwenye mikebe miwili ya biskuti!

Nimepiga kelele. Sista Perpetua, mwanamke mkavu ajabu, amelia machozi. Ameingia chumba cha redio papo hapo akaita ofisi yetu ya Koboko. Wao wamempelekea habari shehe wa Midia. Imetangazwa baada ya sala ya Ijumaa.

Nimekula nyama jioni. Nimestahili.

Jumapili, 7 Julai

Mama mwenye nyumba yangu hapa Awindiri ana nduguye mchuuzi wa samaki, amerudi kutoka Koboko na habari za Midia. Kwamba Mama Rajabu amepaka nyumba udongo mweupe upya. Kwamba karanga zimekomaa naye anakataza zising'olewe, mwanawe atazing'oa. Na kwamba mwezi huu alikuwa amekubali hatimaye, baada ya miaka kumi na miwili ya kukataa, Rajabu asomewe hitma kama maiti. Mbuzi alikwisha kununuliwa. Ameivunja hitma. Mbuzi anangoja kuchinjwa kwa furaha.

Jina lake mwenyewe huyo mama halijui hata mchuuzi. Ni Mama Rajabu tu. Hakupata mtoto mwingine.

Safari tumepanga Alhamisi.

Jumatatu, 8 Julai

Mzee Anguzu amerudi asubuhi, siku mbili kabla ya matanga kwisha. Amefungua mkebe wa kwanza. Akafungua wa pili. Akafungua yote. Akakaa kwenye kiti changu, yeye ambaye hajawahi kukikalia, akavua tai.

Nikauliza, kuna nini mzee? Akaniuliza nani amenyoosha.

Basi akanieleza, polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Kule makambini mtu akifa, ofisi ya kambi ikisikia inakata kadi yake ya chakula. Kwa hiyo watu walizika bila kilio. Alfajiri, watatu wanne, kimya. Kisha kadi ikachukuliwa na mwingine asiye na kadi, akawa anaitika jina la marehemu siku ya posho. Mwaka, miaka miwili, kumi. Wengine walivuka mpaka kurudi Uganda na majina hayo hayo. Kila mtu wa huku anajua. Wana neno lake: jina ya kula.

Mzee alipokuwa akiandikisha waliorudi, aliwajua kwa macho. Hakuwakataa. Watoto wangekufa. Aliandika walichosema, akakunja pembe.

"Pembe iko kwa mimi kukumbuka," akaniambia. "Hapana kwa karatasi."

Na mimi nimeilaza chini ya Biblia.

Nimeichukua kadi ya Rajabu Lomoro nikaipeleka dirishani. Mstari upo. Mwembamba, pembe ya juu, upande wa kulia. Umenyooka lakini upo.

Nikamgeukia mzee. Kwa hiyo ulijua? Kadi ya njano ya mama uliandika wewe, nyeupe umekunja wewe. Umejua miaka minne kuwa mwanawe amekufa? Akakubali. Mbona hukumwambia? Akasema akimwambia mama, mama atalia, kilio kitasikika, watoto wa yule mwingine watakosa chakula. Alikuwa akingoja mmoja wao afe kwanza, mama au yule mtu, ndipo jambo liishe lenyewe.

Nimemchukia. Halafu nikakumbuka ni nani aliyesababisha itangazwe msikitini.

Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini angeniambia! Sentensi moja tu. Naye angesema, ungeningoja. Na kweli.

Jumanne, 9 Julai

Nimemwambia Sista. Ameuliza kama nina hakika. Nikasema nina mstari kwenye kadi. Mzee naye ameulizwa. Akajibu kwamba mara nyingine alikunja kwa shaka tu, si kwa yakini. Sista ameshika hapo hapo kwenye shaka. Mimi pia nimeshika. Mtu anayezama hachagui cha kushika.

Mtu wa kadi nyeupe mwenyewe ameletwa saa tano na pikapu. Waliomfuata walimwambia tu kwamba anaitwa ofisini juu ya kadi yake. Mrefu, miaka thelathini hivi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Sista akamwambia mama yako yuko hai, Midia, anakungoja.

Niliuangalia uso wake. Sikuona furaha. Niliona hesabu, kama ya mtu aliyeulizwa na askari njia gani amepita.

Nikabaki naye peke yangu. Nikamuuliza kwa upole: ndugu, wewe ni Rajabu Lomoro?

"Ndiyo, madam. Kadi iko hapa."

Akaninyooshea kadi yake ya posho kwa mikono miwili. Hapo ningeweza kumwambia, usiogope, sema, hakuna atakayekukata. Lakini hilo nisingeweza kuliahidi, na kusema kweli sikutaka kusikia. Nilitaka awe Rajabu. Nikamshukuru nikamwacha.

Mimi ni mwoga. Imeandikwa hapa, nisije nikajidai baadaye.

Jumatano, 10 Julai

Mvua tangu asubuhi. Redio ya Koboko ilikuwa wazi mchana kutwa. Nimepita mbele ya mlango wa chumba cha redio mara saba. Ningesema tu: mwambieni mama asitumaini sana. Maneno manne yangetosha.

Sikuingia.

Alhamisi, 11 Julai. Midia

Naandika nimeketi kwenye kinu kilichopinduliwa, nyuma ya jiko la watu. Pikapu imerudi Arua bila mimi.

Tuliondoka alfajiri: dereva, Sista, mtu wetu, na mimi. Mzee Anguzu alikataa kuja. Barabara tope. Vizuizi vya askari vitatu. Kila kizuizi walisoma kadi yake, wakaita Rajabu, akaitika kabla hawajamaliza. Miaka minane ya kuitika imemfanya mwepesi. Baada ya Koboko aliomba dereva asimame. Akashuka, akatapika kwenye majani, akarudi akapanda bila kumtazama mtu.

Vigelegele tulivisikia kabla ya kuona nyumba. Wanawake walikuwa wamejipanga njia nzima, na watoto wakakimbia na gari. Nyumba nyeupe kabisa. Mbuzi amefungwa mlangoni. Mama Rajabu ni mfupi kuliko nilivyomfikiria, amejifunga kanga mpya ambayo bado ina gundi ya dukani, inakakamaa akitembea.

Mtu wetu alibaki ameketi nyuma ya pikapu. Mama akaja mwenyewe. Akashika ubao wa gari kwa mkono mmoja, akamtazama.

Hakutazama muda mrefu. Mama huhitaji muda gani? Vigelegele vikaisha kimoja kimoja, vya walio karibu kwanza, hadi akabaki msichana mmoja huko mbali ambaye alikuwa hajaona kitu. Kisha naye akanyamaza.

"Huyu nani?" mama akauliza. Aliniuliza mimi. Sijui alijuaje kuwa ni mimi wa kuulizwa.

Mtu wetu akashuka, akapiga magoti kwenye tope.

"Mama, mimi hapana Rajabu. Mimi iko Elia Kenyi, mutu ya upande ya Sudan. Rajabu mimi nalizika."

Akasema yote bila kuinua kichwa. Walikaa kibanda kimoja kambini. Rajabu alishikwa na tumbo la damu mwaka wa themanini na tatu, siku tano. Kadi alimpa yeye mwenyewe kwa mkono wake, akamwambia kula, mimi sina mtu wa kumlisha. Alikuwa ameambiwa kwamba mama yake ameuawa Koboko, zamani. Alikufa akijua hivyo.

Hapo mama aliuma kanga. Akaiachia.

"Nani alilia?"

Kenyi hakuelewa, au alielewa sana.

"Siku ile. Nani alilia mtoto yangu?"

"Hakuna mutu, mama. Kama mutu nalia, ofisi nasikia, kadi nakatwa. Sisi nafunga mdomo na kitambaa."

Nilimwona akilipokea hilo. Kifo alikuwa amekwisha kukikubali mwezi huu, kwa shida, pamoja na mbuzi wake. Hili hakuwa amelitegemea.

Akatembea hadi katikati ya uwanja. Akavua kilemba. Sauti ilianzia chini, kavu, kama ya mtu anayejaribu mlango uliofungwa siku nyingi, halafu ikafunguka. Nimesikia vilio. Nimezaliwa kambini, nimesikia. Hiki sikuwahi. Wanawake wakakipokea, kikaenda nyumba ya pili, na ya tatu, hadi sikusikia mwisho wake ulipo.

Sista alitaka kusema pole, kosa ni letu. Hapakuwa na nafasi ya kuisema. Mimi nimebaki. Hakuna aliyenialika, wala aliyenifukuza. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Huyu mgeni kaja mwenyeji kaumia, na angalau maji atateka.

Ijumaa, 12 Julai. Midia

Nimeteka maji tangu alfajiri. Wanawake hawanisemeshi. Mmoja amenifundisha kwa vidole namna ya kufunga kata ili mtungi usiteleze.

Kenyi hakuondoka. Jana nilidhani vijana watampiga. Wazee walimwita akae nao mkekani, mahali pa jamaa wa marehemu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwosha. Aliyemwosha maiti ana haki yake. Mama amekaa mbele yake asubuhi nzima akimuuliza. Maji yalikuwa madebe mangapi. Nguo gani. Alilazwa ubavu upi. Kenyi amejibu kila kitu. Amekibeba miaka minane, hakikupungua.

Shehe akamuuliza kama walimwelekeza kibla. Kenyi ni Mkristo. Akasema kibla hawakuijua, wakamwelekeza nyumbani, upande huu. Shehe akasema inatosha.

Hitma imesomwa baada ya sala. Mbuzi ni yule yule.

Jioni mama aliniita. Nikapiga magoti, nikataka kuomba msamaha. Hakungoja.

"Wewe binti. Jina ya mtoto yangu iko kwa mashini?"

Iko, mama.

"Toa. Amekula siku mingi. Sasa wacha alale."

Nikamweleza. Ilinilazimu. Kwamba jina likitoka, posho ya watu saba inatoka nalo. Watoto watano. Kwamba Kenyi si mtu wa Uganda, kadi ya waliorudi si haki yake, na kupata nyingine kule kwa wakimbizi wa Sudan itachukua miezi. Nilisema haya nikimtazama Kenyi, nikitumaini atamwomba. Alikuwa na haki ya kuomba.

"Toa, madam," akasema. "Mimi nachoka kuitika."

Mama akamsukumia sahani ya karanga mbichi. Wamekula wote wawili. Zilikuwa zimeanza kung'olewa.

Jumatatu, 15 Julai. Arua

Jenereta saa tatu. Nimelitoa jina. Nimeitoa kadi ya njano na nyeupe pia, nikampa Mzee Anguzu. Sista ameandika barua kambi ya wakimbizi kumwombea Kenyi. Barua zinakwenda na gari la Alhamisi, kama gari lipo.

Tumeongeza swali la sita kwenye programu: pembe ilikunjwa? Mzee ananisomea kadi moja moja, kwa kukumbuka, kwa sababu mistari mingine haionekani tena. Yeye husema ndiyo au hapana, mimi nabonyeza. Tumefika mia mbili. Haziishi kabla sijaondoka. Sara ataendelea naye.

Leo ilikuwa siku ya posho. Orodha ilisomwa kutoka kwenye karatasi ya printa, kwa mara ya kwanza, safi, kwa alfabeti. Kutoka dirishani niliona mwanamke na mtoto mgongoni, gunia mkononi. Wakati wa herufi R alisogea mbele. Wakaita Rahema, wakaita Ramadhani, wakaita Rasuli. Akarudi nyuma kidogo, akangoja. Alingoja hadi herufi ya mwisho, hadi meza zikaingizwa ndani. Kenyi sijui kama amefika nyumbani, wala kama amemweleza mkewe.

Sikutoka kumweleza mimi. Alilitia gunia kwapani, akashika njia.

Mvua imekatika saa kumi. Nimefunika mashine kwa shuka. Basi langu ni Jumatano asubuhi.